Mkongwe Aondoke Lini? Green Bay Walipatia, Ila Walichelewa Mwaka Mmoja

Kila timu ya futiboli ya Kimarekani yenye kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, aliyevuka miaka 35 hujiuliza swali lile lile msimu unapoisha: mzee bado anaweza? Wachambuzi wa televisheni hulipindua huku na huku. Mmoja anakumbusha pasi ya yadi 50 aliyorusha Novemba, mwingine anakumbusha mechi ya mtoano aliyoiharibu kwa mikono yake. Mwishowe anapewa mwaka mmoja zaidi, kwa sababu jibu karibu siku zote huwa ni ndiyo. Bado anaweza. Kwotabeki mzuri hachuji kwa siku moja. Anapungua kidogo kidogo, na kila upungufu una kisingizio chake: kidole kilivunjika, wapokeaji walikuwa watoto, walinzi wa mbele hawakumkinga.

Mtu wa kuulizwa habari zake ni mwingine kabisa, kwotabeki wa akiba, yule anayesimama kando ya uwanja na kofia kichwani na karatasi ya mbinu mkononi. Ni nani? Amekaa pale muda gani? Mkataba wake umebakiza miaka mingapi? Timu yenye majibu mazuri ya maswali hayo imuage mkongwe wake, hata kama leo mkongwe ni bora kuliko kijana. Timu isiyo na majibu haina mjadala wowote wa kufanya, ina tatizo, na tatizo hilo lilianza miaka mitatu nyuma.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu hoja hii inaweza kusikika kama ukatili. Kwenye soka mkongwe hupunguzwa taratibu. Luka Modrić aliichezea Real Madrid mpaka akiwa na miaka 39, na miaka ya mwisho alikuwa akiingizwa kutoka benchi, anatuliza kiungo, anapiga pasi zake za nje ya mguu, watu wanasimama kumpigia makofi. Kwotabeki hana nafasi hiyo. Uwanjani anakuwepo mmoja tu, na timu inaposhambulia mpira hupitia mikononi mwake karibu kila mara. Hata mazoezini, wakati wa msimu, mazoezi ya kikosi cha kwanza karibu yote ni yake. Kijana hawezi kupewa dakika 20 za kujifunzia. Ama timu ni yake, ama anatazama.

Hakuna klabu iliyolijua jambo hili kama Green Bay Packers, na ninadhani umiliki wake ni sehemu ya sababu. Green Bay ni mji wa Wisconsin wenye watu laki moja na ushee, na klabu yao haina tajiri anayeimiliki. Ina wanahisa zaidi ya 500,000 ambao hawapati gawio wala hawawezi kuuza hisa zao sokoni. Hakuna bilionea mwenye urafiki na kwotabeki, anayempigia simu usiku kumuahidi kwamba kazi ni yake mpaka atakapochoka mwenyewe. Meneja mkuu anaamua, na lawama anazibeba yeye.

Brett Favre alifika pale 1992 akitokea Atlanta. Akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi misimu mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997, ule wa tatu akigawana na Barry Sanders, na Januari 1997 akawapa Super Bowl, fainali kuu ya ligi, kwa kuwafunga New England Patriots 35-21. Kufikia Aprili 2005 alikuwa na miaka 35, na tangu aliposhika namba mwaka ule wa kwanza hakuwahi kukosa kuanza mechi hata moja. Timu ilikuwa imetoka kupoteza walinzi wawili waliomkinga, Marco Rivera na Mike Wahle. Kwa mtazamo wa kawaida, nafasi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, ambapo timu huchukua vijana wa vyuo kwa zamu, ilikuwa ya kuziba pengo lile.

Siku ya uteuzi kijana wa California, Aaron Rodgers, ambaye kuna waliodhani angekuwa wa kwanza kutajwa, aliketi kwenye chumba cha wageni New York saa baada ya saa huku kamera zikimmulika usoni. Majina 23 yakasomwa, lake halimo. La 24 lilikuwa zamu ya Green Bay, na meneja mkuu Ted Thompson akamchukua. Hakumhitaji siku ile. Kwa miaka mitatu iliyofuata Rodgers alikula benchi.

Halafu ikaja tarehe 20 Januari 2008. Fainali ya NFC, nusu moja ya ligi ambayo bingwa wake huenda Super Bowl, uwanja wa Lambeau wa Green Bay, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, Packers dhidi ya New York Giants. Favre ana miaka 38 na ametoka kwenye msimu wa ushindi 13 na vipigo vitatu. Mkongwe amefufuka, mji mzima unasema. Mpigaji wa Giants, Lawrence Tynes, anakosa mateke mawili ya pointi tatu katika robo ya mwisho, mechi inaingia muda wa nyongeza, na Packers wanashinda kura ya sarafu. Yaani bahati imewapa kila kitu. Mpira unaanzishwa mara ya pili tu, Favre anarusha upande wa kulia kumtafuta Donald Driver, na Corey Webster wa Giants anainasa. Tynes anarudi, yadi 47, safari hii hakosi. 23-20.

Machi Favre akastaafu huku analia mbele ya waandishi. Kiangazi akabadili mawazo, akataka kurudi kazini. Klabu ikamwambia kazi imeshapewa mtu. Agosti akapelekwa New York Jets, na mashabiki wa Green Bay wakasema yale ambayo yeyote angesema: shukrani ya punda ni mateke. Rodgers alizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe, kwenye mazoezi yake mwenyewe. Msimu wake wa kwanza ukaisha kwa ushindi 6 na vipigo 10.

Sasa hapa ndipo wengi huruka moja kwa moja hadi Februari 2011, Rodgers anapowafunga Pittsburgh Steelers 31-25 na kubeba Super Bowl, wakasema: si mnaona, Thompson alikuwa sahihi. Mimi nadai alikuwa sahihi hata 2009, mwaka ambao kila ushahidi ulimpinga. Mwaka ule Favre alikuwa Minnesota Vikings, mahasimu wa jirani, na akiwa na miaka 40 alirusha pasi 33 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, huku pasi zake 7 tu zikinaswa. Aliwafunga Packers nje ndani. Kama kipimo ni "mzee bado anaweza", Thompson alistahili kufukuzwa. Lakini kumbakiza Favre kungewapa Packers mwaka mmoja au miwili mizuri na kuwagharimu kijana ambaye mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni. Badala yake, msimu ule ule wa vipigo 10, kabla haujaisha, walimwongezea Rodgers mkataba mrefu. Walishamwona vya kutosha. Na Favre wa Minnesota naye aliishia wapi? Fainali ya NFC tena, Januari 2010, New Orleans, dakika za mwisho, timu yake inakaribia kuingia umbali wa teke la ushindi, anarusha pasi ya kukatiza uwanja na inanaswa. Saints wakamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza.

Pittsburgh ndiyo ilifuata njia ya kusubiri. Ben Roethlisberger aliwapa Super Bowl mbili, Februari 2006 na Februari 2009, na hakuna anayemnyima heshima yake. Mwaka 2019 kiwiko kilimpeleka kwenye upasuaji baada ya mechi mbili tu. Ile ilikuwa kengele. Akiwa na miaka 37, mkono wa kurushia umefunguliwa, nyuma yake kuna vijana ambao hakuna aliyewaona kuwa warithi. Klabu ikatumia nafasi yake ya kwanza ya uteuzi wa 2020 kumnunua beki Minkah Fitzpatrick, mchezaji mzuri kweli, ila si kwotabeki. Mzee akarudi, timu ikaanza 2020 kwa kushinda mechi 11 mfululizo, kila mtu akasahau kiwiko. Januari wakapigwa nyumbani na Cleveland 48-37, pasi zake nne zikinaswa. Wakampa mwaka mwingine. Alipostaafu Januari 2022 stoo ilikuwa tupu.

Walichofanya baada ya hapo kinajulikana: Kenny Pickett aliyeteuliwa wa 20 mwaka 2022 na kuuzwa 2024, kisha Russell Wilson na Justin Fields kwa msimu mmoja, kisha Juni 2025 wakamsajili Aaron Rodgers akiwa na miaka 41. Mtu aliyewafunga kwenye fainali ya 2011 ndiye waliyemwita awaokoe. Na ubora wa kocha Mike Tomlin uliwaponza kwa namna yake: tangu 2007 hakuwahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi, na katika ligi hii wanaoteua mapema ni waliofanya vibaya. Timu nzuri isiyo na kwotabeki hukwama katikati, haishuki vya kutosha kumpata kijana bora, haipandi vya kutosha kubeba kombe. Ndiyo maana mrithi hutafutwa mkongwe akiwa bado yupo. Akishaondoka umechelewa.

Pesa nazo zina sauti, na hapa ndipo mashabiki wengi hupotea njia. Ligi ina ukomo wa mishahara, dola milioni 255.4 kwa kila timu mwaka 2024, na hakuna tajiri anayeweza kuuvuka kwa sababu tu anazo. Timu zinachofanya ni kumlipa mchezaji fungu kubwa la kusaini taslimu, kisha kwenye vitabu kuligawa kwa miaka hadi mitano. Ukimpa mtu milioni 60 leo, kila mwaka vitabu vinasoma milioni 12. Ukimwacha baada ya miaka miwili, zile 36 zilizobaki zinaangukia vitabuni kwa pamoja, na mchezaji mwenyewe hayupo. Siku hizi wanaongeza hata miaka hewa mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo kila mtu anajua mchezaji hatakuwepo, ili deni lisogezwe mbele. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson 2024 walibeba dola milioni 85 za mtu asiyewachezea, zikagawanywa kwa misimu miwili.

Kwa hiyo kila "mwaka mmoja zaidi" anaopewa mkongwe kwa mkataba mpya unampandishia bei ya kumuaga. Klabu hujifunga kamba yenyewe, kisha hueleza kwamba haiwezi kumwacha kwa sababu imefungwa.

Turudi Wisconsin. Aprili 2020 Packers wametoka tena kwenye msimu wa 13-3, wamepigwa 37-20 na San Francisco kwenye fainali ya NFC, na Rodgers ana miaka 36. Kila mtu anasubiri wamteulie mpokeaji. Meneja mkuu mpya, Brian Gutekunst, anapanda kutoka nafasi ya 30 hadi ya 26 na kumchukua Jordan Love, kwotabeki wa Utah State. Kelele zake hazijaisha mpaka leo. Rodgers akajibu kwa kuchukua tuzo ya mchezaji bora 2020, na tena 2021. Wakosoaji wanataja jina moja, Tee Higgins, mpokeaji aliyekuwa bado hajachukuliwa pale Packers walipomteua Love. Wanasema Higgins angewapeleka Super Bowl.

Siwaamini. Tazama fainali ya NFC ya Januari 2021 dhidi ya Tampa Bay. Packers wako nyuma kwa pointi 8, zimebaki dakika mbili na sekunde chache, ni jaribio la nne na la mwisho, wako yadi 8 kutoka kwenye mstari wa kufungia. Mwenye mpira ni mchezaji bora wa ligi. Kocha Matt LaFleur anamtoa na kupiga teke la pointi tatu. 31-26, na mpira hawakuugusa tena. Hapo palikosekana uthubutu wa benchi. Mpokeaji gani angebadili uamuzi wa kocha?

Wenye hoja nzito zaidi dhidi yangu ni mashabiki wa Peyton Manning. Indianapolis Colts walimwacha Machi 2012, baada ya kukosa msimu mzima kwa upasuaji wa shingo, wakamteua Andrew Luck. Manning akaenda Denver, 2013 akarusha tachidauni 55, rekodi ya ligi, na Februari 2016 akaondoka na Super Bowl. Luck akastaafu ghafla Agosti 2019 akiwa na miaka 29, mwili umechakaa, bila kombe. Hesabu inaonekana kuwaumbua Colts. Ila klabu huamua kwa inachokijua siku ya kuamua, na siku ile ilikuwa na shingo iliyopasuliwa, bonasi ya milioni 28 iliyokuwa inaiva, na nafasi ya kumchukua kijana aliyesifiwa kuliko wote. Hata ukinipa nafasi mara kumi, namchukua Luck. Mbali na hapo, Manning wa kombe lile alikuwa kivuli: msimu ule alirusha tachidauni 9 na pasi 17 zikanaswa, safu ya ulinzi ndiyo iliyombeba. Na wakati huo huo kijana aliyekuwa nyuma yake, Brock Osweiler, alipewa timu, akanyang'anywa, kisha akaondoka zake kwenda Houston. Denver ilibadilisha makwotabeki mpaka ilipomteua Bo Nix 2024. Sisemi kombe halikustahili gharama hiyo. Kombe ni kombe. Nasema gharama ilikuwepo, na miaka minane si kidogo.

Nikiisifu Green Bay kiasi hiki, ni haki niseme pia walipokosea, kwani hapo ndipo hoja yangu inapobana zaidi. Tangu makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2011, kijana wa raundi ya kwanza hupata mkataba wa miaka minne wa bei nafuu, na timu ina hiari ya mwaka wa tano. Rodgers alikaa benchi miaka mitatu enzi za sheria nyingine. Ukimkalisha Love miaka mitatu, unakula mtaji. Kansas City Chiefs walimteua Patrick Mahomes 2017, wakamkalisha mwaka mmoja nyuma ya Alex Smith, na Smith mwaka huo aliongoza ligi nzima kwa ubora wa pasi. Hawakusubiri apungue. Januari 2018 wakakubaliana na Washington kumuuza, Mahomes akarusha tachidauni 50 msimu uliofuata, na Februari 2020 wakabeba Super Bowl akiwa bado kwenye mkataba wa bei ya chini, fedha iliyobaki imejenga kikosi.

Love alikaa 2020, 2021, 2022. Msimu wake wa kwanza kamili, 2023, ulianza vibaya kiasi kwamba kufikia katikati yake watu walikuwa wanatafuta jina la mwingine, kisha ukaisha kwa tachidauni 32 na ushindi wa 48-32 nyumbani kwa Dallas kwenye mtoano. Julai 2024 akasaini nyongeza ya miaka minne kwa dola milioni 220. Kwa lugha nyepesi, Packers walinunua kwotabeki wa bei nafuu na kumtumia kwa bei hiyo msimu mmoja tu.

Wangefanya nini? Wangemuuza Rodgers Machi 2022. Najua inavyosikika. Alikuwa ndiye mchezaji bora wa ligi kwa mara ya pili mfululizo, na ushahidi pekee wa Love uwanjani ulikuwa mechi moja dhaifu pale Kansas City waliyofungwa 13-7. Lakini Januari ile Packers, wakiwa vinara wa NFC na wakicheza nyumbani, walikuwa wamefunga pointi 10 tu dhidi ya San Francisco na kutolewa 13-10. Na bei ya mzee haikuwahi kuwa juu kama majira yale. Tarehe 8 Machi 2022 habari mbili zilitoka siku moja. Ya kwanza: Rodgers anabaki Green Bay, na mkataba mpya mnono ukafuata. Ya pili: Seattle Seahawks wanamtoa Russell Wilson, miaka 33, kwa Denver, wakipokea nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, na wachezaji juu yake. Aliyemrithi Wilson alikuwa Geno Smith, aliyekuwa amekaa nyuma yake tangu 2019. Msimu uliofuata Seattle ikaingia mtoano, Denver ikashinda mechi tano.

Packers, siku chache baada ya kumbakiza mzee, wakamuuza Davante Adams, mpokeaji wake namba moja, kwa Las Vegas Raiders. Huu ndio uamuzi nisioweza kuutetea hata kidogo: unamlipa mkongwe fedha nyingi kisha unamwondolea mtu wa kumpasia. Msimu ukaisha 8-9, pasi yake ya mwisho akiwa na jezi ile ikinaswa na Detroit. Walipomuuza kwa Jets Aprili 2023, mwaka mmoja tu baadaye, walibeba kama dola milioni 40 vitabuni na soko lilikuwa limelala. Walibadilishana nafasi ya 15 kwa ya 13, wakapata moja ya raundi ya pili, moja ya raundi ya sita, na ahadi ya 2024 yenye sharti: Rodgers akicheza asilimia 65 ya mashambulizi ya Jets, itakuwa ya raundi ya kwanza.

Usiku wa kuamkia Septemba 12, 2023, saa tisa na robo kwa saa za Afrika Mashariki, Jets walianza msimu dhidi ya Buffalo. Mpira ulipoanzishwa mara ya nne kwa Rodgers, kano ya Achilles ya mguu wa kushoto ikakatika. Green Bay wakapokea nafasi ya raundi ya pili.